Safu ya Mabibi Harusi

Wenye masikio mko wapi? Semeni tupo. Wenye haraka je? Semeni wamekwenda zao. Basi na waende salama, waliobaki ndio wangu. Sogeeni, lakini msinizibie mwanga, maana mchele huu una mawe na meno yangu yaliyobaki nayapenda.

Hapo kale, kale ya kweli, si hii kale ya juzi anayowasimulia babu yenu, palikuwa na bonde moja ng'ambo ya bahari, India, upande wa Malibari. Huko ndiko alikotoka bibi wa bibi yangu. Nyinyi mnaniona nimekaa kwenye kibao nachambua mchele, mnadhani mimi ni bibi wa Pangani tu. Mimi ni mtu wa migomba. Wazee wangu walikuwa watu wa migomba, na wazee wao vilevile, wala hawakumwomba mtu radhi kwa hilo.

Katika bonde lile mgeni hakuulizwa, "Wewe mtoto wa nani?" Aliulizwa, "Kwenu mnapanda ndizi gani?" Akishajibu, wameshamjua. Nyinyi hapa mna kisukari, mna kipukusa, mna bokoboko na mkono wa tembo, mnajiona mmezimaliza ndizi za dunia. Kule kila kilima kilikuwa na ndizi yake, na kila kijito ndizi yake, na kila ukoo uliapa kwamba ya kwao ndiyo ndizi na nyingine zote ni chakula cha tembo.

Na ilikuwapo desturi. Msichana akiolewa, hakwenda kwa mumewe na dhahabu peke yake. Alibeba chipukizi la mgomba wa kwao, kalifunga kwenye majani makavu, kalikumbatia kifuani njia nzima. Akifika, kabla hajaonyeshwa chumba anaonyeshwa shimo. Shimo lenyewe liko mpakani mwa shamba la mumewe, kwenye safu ya mabibi harusi waliomtangulia. Wanaume wawili wanavuta kamba kutoka kona hadi kona ili safu inyooke, naye anaupanda mgomba wake kwa mkono wake, mbele ya watu. Tangu siku hiyo mgomba ule ni yeye. Ukistawi, watu husema bi harusi ameridhika. Kuung'oa ni kumpa talaka, hata kama amekwisha kufa miaka mingi, na aliyekufa hawezi kusimama kujitetea. Kwa hiyo haung'olewi.

Na kwa kuwa safu ilikuwa na heshima hiyo, bonde lile halikuweka mawe ya mpaka. Sheria yao ilikuwa fupi: ardhi yako inaishia pale safu yako iliposimama.

Mmeliona kosa? Saumu, umeliona? Hujaliona. Wala wao hawakuliona. Safu ya migomba haisimami. Cheka tu, lakini mgomba unatembea. Mama anazaa mkungu, anakatwa. Binti aliyeota ubavuni mwake anashika nafasi. Naye anazaa, anakatwa, mjukuu anashika nafasi. Kila mmoja amesogea kidogo kutoka alipokuwa mama yake. Unatembea, unatembea, mgomba unatembea, wala miguu hauna. Na unakwenda wapi? Unakwenda anakotaka mwenye mundu. Machipukizi huota pande zote, lakini mkulima huacha moja na kukata mengine. Ukiacha la kulia kila mara, mgomba unakwenda kulia. Ukiacha la kushoto, unakwenda kushoto. Kazi ya dakika moja, na hakuna anayekuuliza.

Sasa sikilizeni. Mwenye kisa hiki aliitwa Chiruta. Alikuwa mjane, mrefu, ulimi wake mkali kuliko mundu, na shingo yake haikujua kuinama. Najua mnachokifikiri. Ndiyo, nimemrithi. Nyumba yake ilikuwa ya zamani na shamba lake dogo, lakini alikuwa na safu ambayo bonde zima liliisifu, na alikuwa na kisima. Kiangazi kikija, vijito vyote vikikauka, kisima cha Chiruta hakikukauka. Bila kisima kile migomba yake isingevuka kiangazi, na bila migomba nyumba yake isingevuka mwaka.

Upande wa mashariki alipakana na Kanaran. Huyu alikuwa tajiri, mwenye maneno laini, mtu wa kukuuliza hali yako kabla hujafika. Zamani, kabla Chiruta hajaolewa, nyumba ya wakwe zake ilipungukiwa wanaume, wengine vita, wengine homa. Baba yake Kanaran akaja kwa upole, akasema, "Jirani zangu, msijisumbue na safu ya mpakani. Mimi nikipunguza machipukizi ya shambani kwangu, nitawapunguzia na ya kwenu." Wakashukuru. Wakampelekea wali na mchuzi juu ya jani la mgomba. Baba akafa, Kanaran akashika mundu uleule, nao wakaendelea kushukuru na kupeleka wali. Na hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kutazama ni chipukizi lipi limeachwa na lipi limekatwa. Watu wangu nawapenda, lakini hapo walikuwa wajinga, na mjinga wa kwetu simfichi.

Asubuhi moja ya kiangazi Chiruta alikwenda kuteka maji, akamkuta Kanaran amesimama karibu na kisima, mundu begani.

"Umeamkaje, Bi Chiruta?"

"Nimeamka salama, Mzee Kanaran. Unatafuta nini kisimani kwangu?"

"Nautazama mgomba wa mama mkwe wako. Umefika mbali, maskini. Huyu mtoto niliyemwacha akikua na kuzaa, safu itakuwa imekivuka kisima."

"Imekivuka kwenda wapi?"

"Kuja kwako. Na kisima kitakuwa upande wangu. Sheria sikuitunga mimi, mama yangu."

"Na mimi maji nitateka wapi?"

"Hapahapa. Utakuja uombe. Mimi ni mtu mwema, nikiwepo nitakupa."

Akaenda zake. Nikiwepo nitakupa! Kuporwa kisima ni jambo moja. Lakini kuambiwa utaomba maji ya kisima walichochimba wazee wako, tena umwombe mtu umpelekeaye wali, hilo lilimchoma Chiruta mpaka akaiweka ndoo chini bila kuteka.

Akafanya alichozoea kufanya akiwa na uchungu. Akaanza kupita kwenye safu kuwaamkia mabibi harusi, mmoja mmoja.

Aliyekaribia kisima kuliko wote alikuwa nendrani, mgomba wa mama mkwe wake. Huu ni ndugu wa mzuzu wetu, ndizi ndefu yenye kingo, nyama yake ngumu. Ukiichemsha imenyooka, ukiikata vipande vyembamba ukaikaanga kwa mafuta ya nazi, inalia mdomoni. Ikikaushwa na kutwangwa ndiyo uji wa kwanza wa kila mtoto wa Malibari. Na ina haraka, mwaka haujaisha imeshazaa. Mama mkwe mwenyewe alikuwa hivyohivyo, anapika huku anafagia huku anakusema.

Nyuma kidogo alisimama puvan, wa bi harusi wa tambarare. Vidole vyake vidogo, vingi, vina uchachu kwa mbali, na hauugui ovyo. Hauna makuu, lakini ndio unaolisha watu siku zote, na karamu haiandaliwi bila majani yake. Nyuma tena kidogo, monthani, binamu wa bokoboko, ndizi nene ya kupika. Mbivu yake haina maajabu, lakini mchuzi wake mtu hausahau, na hata moyo wa shina lake unakatwakatwa unapikwa. Nyuma zaidi alikuwa rasthali, ambaye kwetu angeitwa kipukusa, nyama nyeupe, harufu ya kuwaita wageni kabla hujawaalika. Lakini mwepesi wa kuugua, na pengine ukiuma katikati unakuta donge gumu. Bi harusi aliyeuleta alikuwa mzuri sana, na akinuna alinuna mwezi.

Chiruta akasimama. Akageuka akaitazama safu kwa urefu wake. Alizoea kuiona kila siku, na kitu cha kila siku mtu hakioni. Ilikuwa imepinda. Safu iliyovutiwa kamba, safu iliyonyooka siku ya kila harusi, sasa mbele ilikuwa huku na nyuma ilikuwa kule. Walio mbele ni akina nani? Ni wenye haraka. Walio nyuma? Ni wazito. Anayezaa upesi amepiga hatua nyingi, anayechelewa amepiga chache. Wote wametembea, wajukuu zangu, na wote wametembea kwenda upande mmoja.

Ndipo akaanza kuwataja kwa majina, kama mama mkwe alivyomfundisha, na alipomaliza alikuwa amepungukiwa na mmoja. Alikuwako bi harusi wa kusini, wa zamani kuliko wote, aliyekuja na chenkadali, ndizi nyekundu. Nyumbani walisema mgomba wake ulikufa. Chenkadali shina lake ni jekundu, ganda lake jekundu, na ndani ina rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la asali. Ni tamu kuliko niwezavyo kuwaambia. Lakini ni nzito mno, mwaka unapita na nusu ya mwingine inapita ndipo izae.

Chiruta akajiuliza: ikiwa wenye haraka wamefika kisimani, huyu mzito kuliko wote angekuwa amefika wapi?

Akainua macho. Mbali, ndani ya shamba la Kanaran, katikati ya migomba ya kijani, ulisimama mgomba mmoja mwekundu. Bonde zima liliujua. Kanaran kila ulipozaa aliutundika mkungu wake barazani kwa Raja, mfalme wa bonde, na hakuna mwingine bondeni aliyekuwa nao.

Chiruta hakusema neno. Alichukua ndoo yake akaenda nyumbani. Na mjue, mwanamke wa ukoo wetu akinyamaza, watu wafunge milango.

Ikaja sikukuu ya mavuno. Kila nyumba ilibeba mkungu wake uliokuwa bora, ikautundika kwenye baraza ya Raja. Ilikuwa baraza ya kujivunia, nawaambieni. Njano ya kila namna, kijani, na zile ndogo za mlimani zinazokaa wiki nyingi bila kuharibika. Wazee wakipita wananusa, wanabishana. Na katikati, mkungu mwekundu wa Kanaran. Raja mwenyewe alikuwa mzee mwenye migomba, si mtu wa kudanganywa kirahisi, lakini ndizi ile nyekundu aliipenda waziwazi.

"Kanaran, hii uliitoa wapi?"

"Ni ya nyumba yetu, Bwana Raja. Baba wa babu yangu aliipanda katikati ya shamba lake. Na kwa kuwa Bwana ameridhika nayo, nina ombi. Safu ya jirani yangu inakivuka kisima. Naomba Bwana atamke mbele ya watu kwamba kisima ni changu, ili pasiwe na maneno baadaye."

Raja akauliza, "Jirani yako yupo?"

"Nipo," akasema Chiruta kutoka nyuma. Watu wakampisha. "Nami nina ombi, Bwana Raja. Usitamke hapa. Twende ukatamke shambani."

"Kuna nini shambani?"

"Kuna bi harusi wetu aliyepotea."

Watu wakacheka, Kanaran akacheka kuliko wote. Lakini Raja alikuwa ameshashika fimbo yake, na Raja akitembea, bonde zima linatembea. Wakafika. Chiruta akamsimamisha Kanaran katikati ya shamba lake, kwa heshima zote.

"Mzee Kanaran, shamba hili nani anapunguza machipukizi?"

"Mimi mwenyewe. Mundu wangu simpi mtu."

"Nimekuja kujifunza kwako. Ukiacha mtoto, unaacha wa upande gani?"

Kanaran akajivuna, maana mtu wa bonde lile ukimuuliza habari ya migomba yake umempa pilau. "Upande wa macheo. Sote tunaacha wa macheo. Baba alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na baba yake. Tazama shina lolote. Kisiki cha mama huku, binti mbele yake, mjukuu mbele ya binti. Wote wanalitazama jua linakotoka."

"Bwana Raja ameona?"

"Nimeona," akasema Raja. "Kazi nzuri."

"Basi tuutazame na ule mwekundu."

Wakausogelea. Na hapo, wajukuu zangu, kicheko kikakatika. Kisiki cha mama kilikuwa upande wa macheo. Binti alikuwa mbele yake, upande wa machweo. Mjukuu, kachipukizi kadogo kekundu, kalikuwa machweo zaidi. Shamba zima linatazama mashariki, mgomba mmoja umeelekeza uso magharibi, uso wake kwenye kisima cha Chiruta, sawasawa na safu ya mabibi harusi kule mbele.

Kanaran akauzunguka mgomba mara moja. Akauzunguka tena. "Huu... huu tumezoea kuufanya pamoja na ile ya safu."

"Kwa nini?" akauliza Raja.

"Baba alisema ni wa safu."

Ameshalisema, na haliwezi kurudi. Chiruta akamtazama, na nawaambia hakucheka, alikuwa na hasira ya kutosha nyumba tatu. "Ulimi wako ulisema ni wako, Mzee Kanaran. Lakini mkono wako umemjua miaka yote kuwa ni bi harusi wetu. Kila akizaa unamtundika barazani kwa jina lako, na kila akizaa unamsukuma kuja kwetu, wewe na baba yako, pamoja na wenzake wote, mpaka mlango wa kisima. Naye ndiye aliyetembea kidogo kuliko wote, maana ndiye mzito. Mpaka wetu uko nyuma yake."

Raja akakigusa kisiki cha mama kwa fimbo yake. Kisha akatamka: kisima ni cha Chiruta, leo na daima. Ardhi yote hadi nyuma ya mgomba mwekundu ni ya Chiruta. Kanaran aing'oe safu nzima kwa mikono yake, airudishe nyuma, aipande upya kwa kamba.

Watu wakashangilia. Chiruta akainua mkono.

"Kisima nimekipokea, Bwana Raja. Lakini safu haing'olewi."

"Ilhali amekuibia?"

"Ameniibia mimi. Hawa wamekosa nini hata wapewe talaka? Wameondoka kwa miguu yao, watarudi kwa miguu yao. Kanaran na apunguze kama alivyozoea, mundu uleule, ila sasa aache mtoto wa upande wa macheo. Yeye, na mwanawe, na mwana wa mwanawe, mpaka kila mmoja afike alipopandwa."

Raja akasema, "Mama, utakuwa umekufa. Na muda wote huo yeye atakuwa analima ardhi yako."

"Alime. Kila mwaka atakuwa anarudi nyuma, na kila mwaka mimi nitakuwa nimekaa kisimani kwangu namwangalia. Baada yangu atakaa mwingine. Kwetu hatuishiwi watu."

Ikawa hivyo. Msimu wa kupunguza ukifika, Kanaran anakuja na mundu, Chiruta anatoka na kibao chake, anakaa, anatazama kila chipukizi linaloachwa. Hawagombani. Anamwambia tu, "Huyo siye, Mzee Kanaran, ni yule wa pili," naye anakata. Akazeeka Kanaran, akaja mwanawe. Akafa Chiruta, akakaa binti yake. Unatembea, unatembea, mgomba unatembea, safari hii unarudi kwao. Akaja mjukuu wa Kanaran. Kwenye kibao akakaa Paru, mjukuu wa Chiruta.

Sasa niambieni, nani alifika kwanza? Saumu anasema nendrani, kwa kuwa ana haraka. Mbaruku anasema chenkadali, kwa kuwa yuko karibu. Mmekosa wote, na hata watu wa bonde walikosa.

Mwaka mmoja Paru alipita kwenye safu, akasimama, akapita tena. Kisha akamwita mjukuu wa Kanaran, akamwambia alete kamba. Yeye akashika kona moja, kijana yule akashika nyingine, wakavuta. Kamba ikagusa shina la nendrani. Ikagusa puvan, ikagusa monthani, ikagusa rasthali, ikaenda ikiwagusa wote mpaka mwisho, ikamgusa yule mwekundu. Wenye haraka walikuwa wamekwenda mbali, wakawa na njia ndefu ya kurudi. Mzito alikuwa karibu, njia yake ikawa fupi. Mwaka uleule, mavuno yaleyale, wamefika wote. Kijana wa Kanaran akaiachia kamba, akalia mbele ya watu, wala hakuna aliyemcheka.

Basi, wajukuu zangu, jirani akikusaidia mshukuru, kisha nenda katazame amefanya nini. Na ukichukuliwa chako kidogo kidogo, usione haya kukidai kidogo kidogo, hata kama atakayekipokea ni mtu ambaye hajazaliwa. Sisi ndio watu tuliofanya hivyo. Mkiulizwa huko mnakokwenda, mseme bila kuinamisha kichwa.

Kisa nimekimenya, nyama mmekula, ganda nimewaachia. Atakayeteleza asiseme bibi hakusimulia.